Huduma ya Kutazama Pete za Zohali kwa Darubini, Kigoma

Huduma ya kutazama anga inayotolewa na nyumba moja ya wageni upande wa Ujiji, kwa shilingi 10,000 kwa mtu, inastahili sifa hasa kwa maelezo yanayoambatana nayo. Darubini yenyewe ni ndogo, na stendi yake ya miguu mitatu hutikisika upepo wa ziwa unapovuma. Hata hivyo pete za sayari ya Zohali zilionekana, na wageni wote walinyamaza kwa mshangao.

Mwongozaji alieleza kwa ufasaha kwamba pete hizo si bamba gumu, jambo ambalo mwanafizikia wa Uskoti James Clerk Maxwell alilithibitisha kwa hesabu katika miaka ya 1850, bali ni vipande visivyohesabika, vingi vikiwa vya barafu, na kila kimoja huizunguka sayari kwa njia yake. Uvutano wa Zohali huvivuta ndani, lakini mwendo wa kasi wa vipande hivyo huvizuia visianguke. Na kwa kuwa viko karibu mno, ndani ya kikomo alichokikokotoa mwanaastronomia Mfaransa Édouard Roche mwaka 1848, tofauti ya mvuto kati ya upande wa karibu na wa mbali huvizuia visikusanyike vikawa mwezi. Mwezi unaosogea humo waweza kuraruliwa, na huenda pete zilianza hivyo.

Kasoro kubwa ni muda: dakika chache kwenye lenzi hazitoshi kulizoesha jicho hadi lione mwanya wa Cassini, yaani pengo jeusi kati ya pete kuu mbili, ambao ukingo wake wa ndani hutunzwa na mvuto wa Mimas, mmoja wa miezi ya Zohali. Ningeshauri makundi yapunguzwe.