Mchezo wa vita unaouza ushindi: uzoefu wangu

Mchezo huu wa vita vya vikosi, unaopakuliwa bure na kuchezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti, umetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Picha zake ni safi hata kwenye simu ya bei ya wastani, haumalizi bando upesi, na hapa Nairobi hungoji sana kupata mechi. Ninaupa nyota mbili kati ya tano, na nyota zilizobaki zimeondolewa na duka lake.

Katika ngazi za mwanzo, shabaha na akili vinatosha. Baadaye kuiboresha bunduki moja huchukua saa kadhaa, kisha siku nzima, isipokuwa ulipe vito, yaani sarafu ya mchezo inayonunuliwa kwa fedha halisi, ili kazi ikamilike papo hapo. Yaani waundaji wenyewe ndio waliouweka muda huo wa kusubiri, kisha wanakuuzia nafuu yake. Nimemwona kijana wa mtaa wa Umoja, mwenye shabaha kuliko sote kikosini, akimvizia adui kutoka nyuma na kumpata kwa kila risasi, halafu yeye ndiye akaanguka kwa sababu deraya ya adui huyo ilikuwa imenunuliwa. Katika mechi za kirafiki, ambamo silaha zote huwekwa kwenye ngazi moja, kijana huyo huyo hashikiki. Tofauti hiyo inaniuma, kwa kuwa inaonyesha mchezo mzuri ulioharibiwa kwa makusudi.

Bei nazo zimefichwa. Kitu cha vito 600 hukipati bila kununua kifurushi cha 500 na kingine juu yake, kwa hiyo kila mara hubaki salio dogo lisilotosha chochote. Unapolipa kwa M-Pesa, angalau unakiona kiasi kwa shilingi kabla ya kuweka namba ya siri. Vito vikishaingia kwenye akaunti, hakuna tena kinachokukumbusha kwamba unatumia fedha.

Sipingi waundaji kupata riziki. Katika mchezo mwingine wa mtandaoni, Dota 2, mashujaa wote ni wa bure na kinachouzwa ni mavazi na mapambo, na aliyelipa hampigi asiyelipa kwa nguvu zaidi. Hata hivyo mapambo pekee hayaondoi ujanja wa dukani: mwaka 2022 Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, walikubaliana na mamlaka ya biashara ya Marekani kurudisha dola milioni 245 kwa wateja waliotozwa kwa ununuzi ambao hawakuukusudia.

Kibaya zaidi ni masanduku ya bahati, ambayo unayalipia bila kujua yana nini ndani. Ubelgiji iliyahesabu kuwa kamari mwaka 2018, na Apple imewataka waundaji kutangaza uwezekano wa kupata kila aina ya kitu kilichomo. Mchezo huu unautangaza, ila kwa herufi ndogo katika ukurasa ambao mtoto hawezi kuufikia kwa urahisi.

Wazazi wenye watoto wanaoucheza, wekeni nywila idaiwe kwa kila ununuzi, wala msiache simu yenye malipo yaliyounganishwa. Waundaji nawaomba mambo mawili: bei ya kila kitu iandikwe kwa shilingi kando ya vito, na mechi za ushindani zichezwe kwa silaha za ngazi moja, kama zile za kirafiki.