Kikao cha waraibu wa pombe wanaopata nafuu, Dodoma

Nilikitafuta kikao hiki kwa wiki tatu, kwa kuwa hakina kibao mlangoni, hadi muuguzi mmoja aliponielekeza kwenye chumba kidogo eneo la Makole. Kinafuata utaratibu wa Alcoholics Anonymous, ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, ulioanzishwa Marekani mwaka 1935: hakuna ada, sharti pekee ni nia ya kuacha kunywa, na yanayosemwa humo hayatoki nje. Nilichokithamini zaidi ni usikivu wao. Mzee mmoja, aliyeanza na wanzuki akaishia kwenye mvinyo, alizungumza kwa muda mrefu bila kukatizwa wala kuhukumiwa, na katika mji huu wa zabibu, ambako mvinyo hutengenezwa jirani na nyumba zetu, kusikilizwa hivyo ni jambo kubwa. Kasoro ni kwamba hukutana mara moja tu kwa wiki, na wanawake ni wachache mno. Aidha, kikao si matibabu: anayekunywa sana kila siku amwone kwanza daktari, kwa mfano katika Hospitali ya Mirembe, kwa sababu kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kifo.