Kipimo cha betri au kupanda mlima: kipi kinamtuliza mnunuzi?

Ukimuuzia mtu wa Mbeya Nissan Leaf iliyotumika, gari la umeme, haulizi rangi wala viti. Anauliza betri. Una njia mbili za kumjibu.

Ya kwanza ni kipimo. Unachomeka kifaa kidogo kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, na programu ya simu inasoma afya ya betri kwa asilimia pamoja na tofauti ya volti kati ya seli, yaani vipande vidogo vinavyounda betri. Hapo unapata zaidi ya vile vistari 12 vya dashibodi vinavyoonyesha uwezo wa betri, maana cha kwanza hakizimiki mpaka betri ipoteze takribani asilimia 15, na wapo wauzaji wanaoviwasha upya kwa kompyuta. Huo ni wizi, na ndio uliowatia watu hofu. Kwa hiyo mwache mnunuzi achomeke mwenyewe, asome kwa simu yake. Seli zikipishana sana, mwambie na bei ishuke.

Ya pili ni barabara. Mpe usukani, mpande kutoka Uyole mpaka Isongole, kisha mrudi. Kwenye mlima seli dhaifu hujitokeza. Kwenye mteremko anaona mota ikirudisha chaji. Asubuhi ya baridi ya Julai inafaa zaidi, kwani betri hutoa kidogo.

Wengi huamini mlima kuliko namba. Mimi naanza na kipimo: safari moja haionyeshi betri imechakaa kiasi gani, na fundi wa kufungua pakiti ya betri hapatikani kila gereji.