Uzoefu Wangu: Migahawa Inayomfaa Mwanafunzi Mjini Athens, Georgia

Chuo Kikuu cha Georgia, jimbo la kusini mwa Marekani, kilipewa hati yake ya kuanzishwa mwaka 1785, na mji wa Athens ulijengwa kukizunguka. Leo chuo hicho kina wanafunzi zaidi ya 40,000, na lango lake la chuma linaloitwa Arch linatazamana na Broad Street, barabara inayokitenga chuo na katikati ya mji. Kwa mwanafunzi mpangilio huu ni neema, kwa sababu anatoka darasani, anavuka barabara moja, na papo hapo anajikuta mbele ya migahawa mingi iliyobanana katika mitaa michache. Nilisoma shahada ya uzamili hapo nikitokea Tanzania, sikuwa na gari, na posho yangu ilinilazimu kuihesabu kila dola kabla ya kuitoa. Maoni haya basi ni ya mlaji wa namna hiyo, na kipimo nilichokitumia ni kimoja: mgahawa wa mwanafunzi ni ule unaofikika kwa miguu au kwa basi la chuo, ambao sahani yake ya mchana inamfikisha mtu usiku, na ambao bili yake inalingana na kile alichokitarajia alipoagiza.

Hilo la bili linahitaji kuelezwa mapema, maana wageni wengi kutoka Afrika Mashariki hukutana nalo bila kujiandaa. Bei iliyoandikwa kwenye menyu siyo utakayolipa. Mjini Athens kodi ya mauzo ni asilimia 8, nayo huongezwa mwishoni, na baada ya hapo hufuata bahashishi ya mhudumu, ambayo kwa desturi ni kati ya asilimia 15 na 20. Chakula cha dola 15 kwa hiyo huwa dola 16.20 baada ya kodi, na ukimpa mhudumu dola 3 unatoka mlangoni umeacha dola 19.20. Wapo wanafunzi wageni wanaoona bahashishi ni jambo la hiari na huondoka bila kuiacha. Nawasihi wasifanye hivyo. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bahashishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu mwaka 1991, mradi bahashishi ziyafikishe mapato yake kwenye kima cha chini cha dola 7.25. Georgia inafuata kiwango hicho, na mjini Athens anayekuletea sahani mara nyingi ni mwanafunzi mwenzako anayejilipia kodi ya chumba. Kama huna uwezo wa kumpa haki yake, chagua mgahawa ambao mteja anaagiza kaunta na kujibebea sahani yake mwenyewe, kwani huko bahashishi ni ndogo na hakuna anayekutazama kwa jicho baya. Ndiyo maana nafasi kubwa ya maoni haya nimeipa migahawa ya kaunta.

Nautanguliza Weaver D's, kwa kuwa ndio niliopenda kuliko yote. Ni jengo dogo la rangi ya kijani kibichi, upande wa mashariki wa Broad Street, mahali barabara inapoteremka kuelekea mto Oconee. Kutoka Arch unatembea kwa mteremko muda mfupi tu, ingawa wakati wa kurudi, tumbo likiwa limejaa, mlima huo unahitaji subira. Mwanzilishi wake, Dexter Weaver, aliufungua mwaka 1986, na kauli yake ya biashara, "Automatic for the People", ilichukuliwa na bendi ya R.E.M., ambayo ilianzia mjini humo humo, kuwa jina la albamu yao ya mwaka 1992. Mwaka 2007 taasisi ya James Beard iliutunuku tuzo inayotolewa kwa migahawa ya asili inayobeba utambulisho wa eneo lake. Sifa hizo zote ni za haki, lakini mwanafunzi mwenye njaa hashibi sifa, kwa hiyo nitaeleza sahani yenyewe.

Utaratibu ni wa kawaida katika Kusini ya Marekani: unachagua nyama moja, kisha unachagua vya pembeni, na kipande cha mkate wa mahindi kinafuatana navyo. Kuku wa kukaanga ndiye anayewavuta watu. Ganda lake linakwaruza kwa ukavu wakati nyama ya ndani bado ina maji yake, na viungo vimeingia hadi kwenye mfupa, si kupakwa juu juu tu. Lakini mimi nilirudi pale kwa ajili ya vya pembeni. Kulikuwa na makaroni ya jibini yaliyookwa, maboga mateke yaliyookwa hadi yakawa kama uji mzito wenye ladha tamu ya vitunguu, na zaidi ya yote majani ya collard, ambayo ni ya jamii moja na sukuma wiki. Tofauti ni kwamba sisi tunayakata nyembamba na kuyageuza upesi kwenye mafuta na vitunguu, wakati wapishi wa Kusini huyachemsha kwa muda mrefu mpaka yanalainika kabisa na kutoa mchuzi wake, ambao huchovywa kwa mkate wa mahindi. Mtu aliyezoea sukuma ya haraka anaweza kudhani yamepikwa kupita kiasi, lakini akiyala na ule mkate mara ya pili ataelewa kwamba mchuzi ndio uliokuwa ukitafutwa tangu mwanzo.

Ukaribu huu wa vyakula una historia yake. Kunde na bamia, ambazo utazikuta katika migahawa mingi ya Watu Weusi wa Georgia, zina asili ya Afrika na zilifika Amerika pamoja na watu waliotekwa na kuuzwa utumwani. Athens yenyewe ilikuwa na kitovu chake cha biashara za Watu Weusi, makutano ya mitaa ya Washington na Hull yanayojulikana kwa jina la Hot Corner, ambako jumba la Morton lilijengwa mwaka 1910 na bado linatumika kwa maonyesho. Wakati wanafunzi wa kwanza Weusi, Charlayne Hunter na Hamilton Holmes, walipopokelewa chuoni mwezi Januari 1961, ubaguzi ulikuwa bado unatawala migahawa ya Kusini, na mahali kama Hot Corner ndipo Mtu Mweusi alipoweza kuketi na kula kwa heshima. Nilipolijua hilo, sahani ya kunde mjini Athens ilinigusa kwa namna ambayo hakuna mgahawa mwingine uliowahi kunigusa, na ninaamini Mwafrika yeyote anayesoma hapo anapaswa kula chakula hiki kabla ya kutafuta chochote kingine.

Walionipeleka Weaver D's kwa mara ya kwanza walikuwa Wamarekani waliokuwa wakijifunza Kiswahili, lugha inayofundishwa chuoni hapo, na baadaye tulizoea kufanyia mazungumzo yetu ya Kiswahili mezani pale. Wahudumu hawakuwahi kutuharakisha.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, nina tahadhari moja ambayo ni ya jimbo zima wala si ya mgahawa mmoja. Huku Kusini mboga za majani, kunde na maharage mara nyingi hupikwa pamoja na mfupa au kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na mikate mingine hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Jina la chakula kwenye menyu halitakuambia hivyo. Uliza kaunta bila haya, maana wapishi wamezoea swali hilo, na baadhi yao hutumia bata mzinga wa moshi badala ya nguruwe.

Kwa kifungua kinywa nilikwenda Mama's Boy, uliopo Oak Street, ng'ambo ya mto. Hapa unahudumiwa mezani, kwa hiyo zile hesabu za bahashishi zinakuhusu. Kinachosifiwa ni biscuit zao, yaani mikate midogo minene ya ngano inayokandwa kwa siagi na maziwa mtindi, inayochambuka tabaka kwa tabaka ukiifungua ingali moto. Moja ina ukubwa wa kumtosha mtu mzima, na ukiongeza grits, ambazo ni mahindi ya kukoboa yaliyosagwa kwa chenga na kupikwa kwa siagi na chumvi, huhitaji chakula cha mchana. Nawashauri Watanzania wenzangu wasizitie sukari grits zao kwa kuzidhania uji. Zinaliwa pamoja na mayai, na chumvi ndiyo inayozifaa. Jumamosi na Jumapili foleni hutoka nje ya mlango, lakini siku za kazi, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa napata kiti mara moja.

Mgahawa wa pili kwa mapenzi yangu ni Cali N Tito's, South Lumpkin Street, kwenye njia ya kuelekea mtaa wa Five Points. Ni mahali pa vyakula vya Amerika ya Kilatini, penye viti vya nje, mashua kuukuu uani na rangi kila upande, na familia za walimu huketi hapo bega kwa bega na wanafunzi waliotoka mazoezini. Sisi tunaotoka nyumbani kwa ndizi tuliupenda kwa sababu ya ndizi za kukaanga zilizoiva vizuri, zenye kingo nyeusi za sukari iliyoungua, zinazoletwa pamoja na wali na maharage meusi. Taco zao za samaki, yaani vichapati vilivyokunjwa na kujazwa samaki, ni nyepesi na zina ndimu ya kutosha. Enzi zangu walipokea fedha taslimu tu, kwa hiyo pita benki kwanza. Kwa uwiano wa bei na wingi wa chakula sikupata wa kuushinda mjini, na kama si historia ile niliyoieleza, ningeuweka juu ya Weaver D's.

Siwezi kuandika kuhusu Athens nikauacha The Grit, ingawa ulifungwa mwaka 2022 na msomaji hataweza kwenda. Ulikuwa mgahawa wa wasiokula nyama, Prince Avenue, katika jengo lililomilikiwa na Michael Stipe, mwimbaji wa R.E.M. Sahani yao ya tofu, yaani jibini ya maziwa ya soya, iliyokaangwa mpaka ikapata rangi ya dhahabu, ikakolezwa kwa mchuzi wa soya na chachu lishe na kupakuliwa juu ya wali wa mchele usiokobolewa, iliwakutanisha wanafunzi wa Kihindi, Waadventista, na wengine kama mimi ambao mwisho wa mwezi tulikuwa hatuna uwezo wa nyama. Mapishi yake yalichapishwa kitabuni, nami huipika hadi leo. Kufungwa kwake kumeacha pengo kubwa, kwa kuwa mgahawa wa mboga wenye bei ya mwanafunzi hauinuki kirahisi mahali ambapo kodi za majengo zinapanda.

Usiku wa manane nilikwenda The Grill, College Avenue, hatua chache kutoka Arch. Nilipokuwa hapo haukufungwa usiku kucha. Agiza chipsi zao pamoja na mchuzi mzito wa jibini ya feta, na usitafute zaidi ya hapo. Kahawa nilinywa Jittery Joe's, kampuni iliyoanzia Athens mwaka 1994, ambayo ina kaunta hata ndani ya jengo kubwa la kujisomea chuoni, nayo ni kahawa nzuri ya kweli. Kama wazazi wamekuja kwa mahafali na wao ndio wanaolipa, wapeleke Five & Ten, mgahawa uliofunguliwa na mpishi Hugh Acheson mwaka 2000. Siku nyingine usisogee huko. Kwa wanaoishi mabwenini, kumbi za chakula za chuo kama Bolton na Snelling zinakuruhusu kula mpaka utosheke kwa malipo ya mlangoni, na nilishangazwa na ubora wake, ila baada ya muda ladha zinafanana.

Kuna jambo moja linaloharibu mpangilio huu wote, nalo ni Jumamosi za mpira wa Kimarekani. Uwanja wa Sanford, uliopo katikati kabisa ya chuo, unachukua watu zaidi ya 92,000, na timu inapocheza nyumbani msimu wa vuli mji hujaa kuanzia alfajiri. Barabara hufungwa, na mabasi hubadilishiwa njia. Katika mgahawa mmoja wa katikati ya mji, ambao sitautaja, nilikuta menyu ya kawaida imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na karatasi yenye vyakula vichache vya bei ya juu zaidi, na nilipouliza sahani niliyoizoea nilijibiwa kwamba siku ya mechi haiuzwi. Ninaelewa kwamba mapato ya siku hizo chache ndiyo yanayowavusha wenye migahawa hadi mwisho wa mwaka, lakini anayekula hapo mwaka mzima, mvua na jua, angestahili kukumbukwa kwa japo sahani moja ya bei yake ya kawaida.

Kwa hiyo angalia ratiba ya mechi kabla ya kupanga chakula cha Jumamosi. Mechi ikianza saa tisa na nusu alasiri, kula kabla ya saa mbili asubuhi, au vumilia hadi mpira uwe umeshaanza na mashabiki wameingia uwanjani. Kwa saa tatu hivi zinazofuata meza za katikati ya mji hupungua watu, wahudumu hupata nafasi ya kupumua, na utapata kiti pasipo foleni.