Wiki Tatu na Hii Aplikesheni Dukani Kariakoo: Inajua Mbezi Ipi?

Wadau habari zenu, karibuni tena kwenye chaneli. Leo sina utangulizi mrefu kwa sababu nina hasira kidogo, na nikipoa hii video haitanoga. Dogo, sogeza kamera huku. Hapo hapo. Makelele mtanisamehe, niko Kariakoo, Mtaa wa Kongo, dukani kwa dada yangu Mama Naima, muuza mashuka na mapazia. Huku ukitaka utulivu urekodi, njoo saa tisa usiku.

Aplikesheni yenyewe jina lake liko hapo chini kwenye skrini. Silitamki, hawajanilipa. Mambo ya kujisajili, nywila, inakula nafasi kiasi gani kwenye simu, hayo mnayajua, ni kama nyingine zote. Inatunza wateja, oda, nani kalipa na nani anadaiwa. Ingeishia hapo ningesema ni kaunta buku lenye chaji. Na kaunta buku dada analo, hili hapa, halijawahi kuzimika hata siku umeme umekatika.

Kinachouzwa hapa ni kile inachokiongeza juu ya ulichoandika. Wewe unaandika mstari mmoja, yenyewe inautafutia ndugu zake. Tazameni. Naandika kama anavyoandika dada: "Mama Junior, shuka 6 kwa 6, mbili, Sinza kwa Remmy." Nahifadhi. Subirini... inazunguka... haya! Kata, Sinza. Wilaya, Ubungo. Pini kwenye ramani. Umbali kutoka hapa dukani, makadirio ya nauli ya boda. Na huku chini, oneni: mara ya mwisho alinunua Februari, mapazia, akalipa kwa simu siku ile ile. Hayo yote mimi nimeandika? Sijaandika hata moja. Imechukua namba yake ya simu, ikailinganisha na miamala ya lipa namba ya duka, ikailinganisha na oda za nyuma, halafu ikaenda kwenye ramani.

Dada, waambie ile ya Mbagala. Hataki kuonekana, basi nasema mimi. Wiki ya pili akafungua ramani ya wateja, akakuta pini nane zimerundikana Mbagala. Watu nane, kila mmoja anaagiza siku yake, kila mmoja na boda wake, wengine wanaahirisha kwa sababu nauli inakaribia bei ya foronya. Akawapigia: mzigo wa Mbagala utatoka Jumamosi, bajaji moja, nauli mnagawana. Sita wamekubali. Sasa hao watu nane walikuwemo humu kwenye kaunta buku miezi yote, ila kila mmoja kwenye ukurasa wake. Hakuna mtu anayelala na kaunta buku anahesabu Mbagala ziko ngapi.

Kwa hiyo ni nzuri? Nilikuwa nasema hivyo mpaka Alhamisi.

Ngoja niwaonyeshe, na hapa nitakaa, mwenye haraka aende. Naandika "Mbezi". Mbezi tu, kama mteja anavyosema kwenye simu. Nahifadhi. Imeniuliza kitu? Haijaniuliza. Imeweka pini Mbezi Beach, imekadiria na nauli, imetulia kabisa kama shahidi mahakamani. Mnaokaa Dar mnajua kinachofuata. Kuna Mbezi Beach, Barabara ya Bagamoyo, na kuna Mbezi Luis, Barabara ya Morogoro, kule kwenye stendi ya Magufuli. Alhamisi boda kapakia duveti, kafika Mbezi Beach, mteja anamwambia "mimi niko hapa stendi." Stendi gani Mbezi Beach? Jamaa akakatisha Goba na duveti lake mgongoni, jua kali, na elfu 9 ya ziada katoa dada.

Nikasema labda bahati mbaya. Tujaribu nyingine. "Kimara Korogwe." Hicho ni kituo cha daladala, kila konda anakijua. Haya, pini iko wapi? Vuta ramani, vuta... Tanga! Imenipeleka wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga. Sasa hii ndiyo niipendayo: naandika "Morocco", naye ni mteja wa kituo cha Morocco hapo Kinondoni, linapoishia tawi la mabasi ya mwendokasi. Imenipeleka Moroko kweli, Afrika Kaskazini kwenyewe. Nauli ya boda imekataa kukadiria, nashukuru.

Na mrudie yule Mama Junior. Bonyeza wasifu. Jina: Junior. Jinsia: mwanaume. Inapendekeza atumiwe ofa ya wateja wa kiume.

Sikilizeni, sigombi kwa sababu inakisia. Dada naye anakisia, kila mfanyabiashara anakisia. Lakini lete kaunta buku. Sogeza kamera, dogo, wasome: "Mbezi", halafu pembeni nini? Alama ya kuuliza, kwa penseli. Jina kaandika kwa kalamu, bei kwa kalamu, asichokuwa na uhakika nacho kwa penseli. Humu ndani kila kitu ni kalamu! Alichosema mteja na ilichobuni mashine, herufi zile zile, rangi ile ile. Baada ya wiki moja hata mwenye duka hakumbuki kipi aliambiwa na kipi kiliongezwa. Weka rangi ya kijivu tu, jamani, kazi ya mchana mmoja.

Mpinzani wake, ile ya njano niliyoichambua mwezi uliopita, yenyewe haikisii chochote. Inakuuliza. Kata, mtaa, namba ya nyumba, jinsia, vyumba kumi na moja vya kujaza huku mteja yuko hewani. Dada aliiacha siku ya pili. Kwa hiyo hii bado inaishinda, nakiri, ingawa sitaki.

Juzi mtu akaniambia hawa wa aplikesheni wanauza kitu cha bure kwa sababu ramani si yao. Kweli si yao, imeandikwa pembeni kwa herufi za sisimizi: OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea. Na ramani hiyo kwa upande wa Dar kuna watu waliitembelea kwa miguu. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wa mitaa, wakichora vichochoro na mitaro kwa ajili ya mafuriko. Leseni yake inaruhusu kuitumia kibiashara ukiwataja wenyewe, na hawa wamewataja. Mimi sina tatizo. Mwenye aplikesheni hakuuzii ramani, anakuuzia ile kazi ya kumkutanisha Mama Junior na kichochoro chake.

Ila dada aliniuliza swali, nikaona mimi mchambuzi sikulifikiria: "Na wao wanawaona wateja wangu wote?" Nikaenda kwenye mipangilio. Kuna swichi inaitwa "kuboresha huduma", ya kuwaruhusu kutumia taarifa za wateja wako, imewashwa tangu unaposajili. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mteja alitoa namba aletewe shuka, basi. Nikaizima. Pini zinakuja vile vile! Sasa ilikuwa imewashwa ya nini?

Bei ni 15,000 kwa mwezi. Nilipoanza kurekodi ilikuwa 10,000, wakapandisha katikati ya uchambuzi wangu, hapo pia hasira zimetoka. Kwa Mbagala peke yake inarudi. Kama oda zako ni tano kwa wiki, baki na penseli. Wiki ijayo nina printa ndogo ya risiti, na maiki mpya imefika, mtanisikia vizuri, sabskraibu mnijue nikiwa na...

Dada, simu yako. Pokea, weka spika. Oda hiyo! Mapazia? Sawa. Muulize anakaa wapi.

Kasema Mbezi.

Muulize ipi. Muulize ipi, dada! Amekata? Haya, ngoja nimpigie. Dogo, zima kamera.