Vikokotoo vya umbali wa viwanja vya ndege: kilomita ziamini, dakika zihakiki

Ukiandika viwanja viwili kwenye kikokotoo cha mtandaoni, unapewa kilomita na muda wa kuruka. Kilomita chukua. Dakika, hasa za safari fupi za ndege ndogo, ni za kukisiwa tu.

Umbali hupatikana kwa latitudo na longitudo za viwanja, kwa kufuata njia fupi kuliko zote juu ya tufe. Vikokotoo vingi huichukulia dunia kuwa mpira wa nusu kipenyo cha kilomita 6,371, ilhali imebonyea kidogo kwenye ncha. Hitilafu yake ni nusu asilimia hivi: kwenye kilomita 400 ni kama 2 tu.

Makosa makubwa huanzia kwa anayeandika. Weka msimbo wa uwanja wa herufi tatu wa IATA (jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ndege), si jina la mji: SJC iko California, SJO iko Costa Rica, na yote miwili huitwa San José. Ukiingiza nyuzi mwenyewe, latitudo ya kusini ianze na alama ya kutoa. Ukiisahau kwa uwanja mmoja ulio nyuzi 3 kusini, umeuhamishia nyuzi 3 kaskazini, yaani zaidi ya kilomita 660 kutoka ulipo. Tena, nyuzi moja ina dakika 60, hivyo nyuzi 6 na dakika 52 si 6.52, ni 6.867, kosa hilo peke yake ni karibu kilomita 39. Angalia pia ni maili gani zinazoonyeshwa: kilomita 400 ni maili 249 za nchi kavu, lakini 216 za baharini, ambazo ndizo za marubani.

Kwenye muda ndipo huduma hizi zinapochechemea. Nyingi hugawa umbali kwa mwendokasi mmoja, mathalani kilomita 805 kwa saa, ambao ni wa ndege kubwa za jeti. Kwa kilomita 400 utaambiwa dakika 30. Lakini viwanja vidogo mara nyingi huhudumiwa na ndege za pangaboi: ATR 72 huenda kama kilomita 510 kwa saa, hivyo ni dakika 47 hata kabla ya kuhesabu kupaa na kushuka, ambako mwendo hupungua. Cessna Caravan, kwa 340 hivi, itachukua saa 1 na dakika 10. Baadhi ya vikokotoo huongeza nusu saa juu ya jibu. Afadhali, ingawa nusu saa hiyo haijui kama foleni ya kuruka ni ndefu au uwanja ni mtupu.

Upepo nao hausomwi kabisa. Ukivuma kilomita 60 kwa saa, ATR ile ikiupokea usoni (mbisho, wangesema mabaharia) itatumia dakika 53. Ikirudi nao mgongoni, 42. Kikokotoo kinachotoa dakika zilezile kwenda na kurudi hakijautazama.

Ratiba ya shirika, kwa upande wake, huhesabu tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inaposimama tena, kwa hiyo safari hiyo ya ATR si ajabu kuandikwa saa 1 na dakika 10. Chagua kikokotoo kinachoruhusu kubadili mwendokasi, weka wa ndege iliyotajwa kwenye tiketi, kisha ongeza dakika 20 hadi 25. Na unapolinganisha na tiketi, kumbuka saa zake ni za mahali: viwanja vikiwa kanda mbili za saa, ondoa tofauti hiyo kwanza.