Pikapu ipi kwa mchanga wa Wahiba? Ijaribu kilimani kabla ya kulipa

Kwenye lami ya Muscat kila pikapu ni nzuri. Kama unataka ya kwenda Wahiba, jangwa la mchanga la Oman, kila Ijumaa, ipeleke hadi Bidiyah, mji ulio ukingoni mwa jangwa hilo, kilomita 200 na ushei, uipandishe mchangani kabla hujatoa hata riali moja. Muuzaji akikataa, kodi ya aina hiyohiyo kwa siku moja au muombe jamaa aliye nayo.

Anza na upepo wa tairi. Tairi yenye psi 35 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) huchimba. Ukiishusha hadi 15 au 18 inatanuka na kukanyaga kama unyayo wa ngamia. Mara yangu ya kwanza muuzaji alikataa katakata kupunguza upepo. Hatukwenda mbali, tukazama hadi chesisi, na mimi nikarudi nyumbani nikidhani gari ndilo bovu. Nililionea.

Kisha zima mfumo unaozuia magurudumu kuteleza, maana hukata nguvu pale unapoihitaji. Panda kilima kidogo, na katikati achia mafuta gari lisimame lenyewe. Usikanyage breki: hulundika mchanga mbele ya magurudumu. Teremka kinyumenyume kwa njia ileile, na usikate kona hata kidogo: gari likikaa ubavu kwenye mteremko huweza kupinduka. Sasa ondoka tena. Hapa ndipo pikapu zinapotofautiana. Rudia jaribio saa saba mchana, mchanga ukiwa umelegea kwa joto, jicho lako likiwa kwenye kipimo cha joto la injini.

Ya kwanza kwangu ni Toyota Hilux ya petroli, V6 ya lita 4.0, inayouzwa huku Ghuba. Haina tabo, ile pampu inayosukuma hewa injini ipate nguvu, ya kuisubiri. Ukikanyaga mafuta nguvu inakuja pole pole, na gari linaondoka bila kukoroga mchanga. Hakikisha unayonunua ina loki ya difu ya nyuma, inayoyafunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Ikiwa tupu, nyuma hurukaruka. Hilo navumilia.

Ya pili, Ford Ranger Raptor. Kwa kukimbia mchangani haikamatiki: V6 ya lita 3.0 yenye tabo mbili, shokapu za kampuni ya Fox, loki mbele na nyuma. Lakini ni ghali, ni nzito, na haibebi mzigo kama Ranger ya kawaida.

Land Cruiser 79 naiweka ya tatu, na najua wazee wangu hawatapenda. Kwa kudumu sina neno nayo. Ila magurudumu yake ya nyuma yamekaribiana kuliko ya mbele, kwa karibu sentimita 10, kwa hiyo hayapiti kwenye njia iliyokwisha kushindiliwa na ya mbele. Yanachimba njia yao wenyewe, na injini inabeba kazi hiyo. Kwenye lami hutalijua hilo kamwe. Mwenye kubeba ngamia na majani aichukue bila wasiwasi.

Ya nne ni Mitsubishi L200, ile yenye Super Select, inayokuruhusu kutumia magurudumu yote manne hata kwenye lami. Kilimani, ianzishe kasi mapema.

Ukimaliza, kabla ya kujaza upepo, lala chini utazame bampa ya mbele na kinga ya injini. Iliyokwaruzika kwenye kilima kidogo itang'oka kwenye kikubwa.